Sarafu za Lifti

Lifti ya jengo letu, Rustavi, hula sarafu.
Usipoilisha haikupandishi,
uwe mjamzito, uwe na gunia la viazi,
uwe Nugzar wa ghorofa ya tisa aliyeacha goti lake kiwandani.
Ufunguo wa kisanduku ninao mimi.
Miaka kumi na mitatu nimeuvaa shingoni pamoja na msalaba,
na vyote viwili vimenitia doa la kijani.

Tsiala, wewe hukuwahi kulipa.
Ulipanda ngazi ukiimba tangu una meno ya maziwa.
Ngazi zina mwangwi, ulisema, lifti haina.
Ghorofa ya nne sauti bado ni ya mtoto;
ya saba, mtu aliacha kukaanga vitunguu asikilize,
vitunguu vikaungua, mume akanuna,
kisha naye akasikiliza.

Ulikwenda Tbilisi na viatu vya dada yangu,
magazeti yamesokotwa kwenye ncha.
Namba kifuani: elfu nne mia moja na sita.
Majaji watatu, mmoja anatafuna bazoka.
Ukafumba macho. Walidhani ni hisia.
Sisi tulijua: umefumba ili uzione ngazi.

Wakakupitisha.

Hapo tukajifunza hesabu mpya.
Kura moja, nusu lari. Nusu lari, safari tano za lifti.
Hakuna aliyeitisha mkutano. Jumatatu moja tu
nilifungua kisanduku nikakuta sarafu tatu,
na ngazi nzima tope la viatu.
Mwalimu Lamara, na moyo wake ule,
alipumzika kila ghorofa akijifanya anasoma majina milangoni.
Nugzar aliketi, akajisukuma kinyumenyume, kidato kwa kidato,
akiitukana televisheni, akinitukana mimi:
"Mtaka cha mvunguni huinama,
sisi wataka cha juu ndio tunatambaa kwa makalio!"
Sarafu zikimlia mfukoni kama njuga.

Nami nina langu la kuungama.
Pesa za kamba mpya ya lifti,
lari mia mbili na kumi na nane, ndani ya kopo la kahawa.
Usiku wa fainali nililibeba hadi kwenye mashine ya vocha,
nikailisha mpaka kopo likabaki na harufu yake.
Kidole gumba kilivimba kwa kubonyeza jina lako.
Umeshinda kwa kura ngapi, sikumbuki.
Nakumbuka vikaratasi vya fedha vikikumwagikia,
na wewe ukitoa kimoja mdomoni
ili umalizie ubeti.

Baada ya hapo ukawa wa kila mtu.
Uso wako ubavuni mwa basi, kwenye kopo la mtindi,
ukubwa wa ghorofa mbili juu ya daraja la Mtkvari.
Pua wameipunguza. Jina wamelikata, limebaki Tsia.
Wimbo wako unapigwa hata kwa daktari wa meno;
niliusikia mdomo wazi, nisiweze kusema huyu ni wetu.
Ni wimbo mzuri.
Hauna mwangwi, ila ni mzuri.

Lifti ilisimama Novemba, kati ya ya tano na ya sita.
Fundi akaulizia pesa za kamba.
Nikatazama dari.
Jengo zima linajua, na hakuna aliyewahi kutaja kopo,
hata Nugzar, ambaye hutaja kila kitu.

Ulikuja mara moja, usiku, gari likikungoja linanguruma.
Nyuma ya kila mlango palikuwa na sikio.
Visigino vyako: ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Huimbi. Labda daktari amekukataza,
labda koo sasa lina mkataba.
Ya nne. Ya tano. Mtu fulani akazima jiko.
Ghorofa ya saba ukasimama, mbele ya mlango wangu,
unahema kama Lamara.

"Lifti imekufa lini?" ukaliuliza giza.

Swali likapanda hadi ya tisa, likashuka,
likapita tena mlangoni pangu.
Nilikuwa nimeushika ufunguo ili usigonge msalaba.